Kuitika Pasipo Kutenda

Swali ninalotaka kulipima katika insha hii ni la zamani, lakini kwangu lilipita mlango mpya. Mtu akiambiwa neno, akalisikia, akalielewa, akaitika vema, kisha asilitende, je, amekosa zaidi au amekosa kidogo kuliko yule aliyekataa tangu mwanzo? Wazee wangalijibu kuwa ahadi ni deni, na shauri lingalikwisha hapo. Mimi nami nilidhani limekwisha, mpaka siku moja katika chumba kidogo cha chama chetu hapa Msamala, katika manispaa ya Songea, nilipokutana na mwitikaji ambaye hakuwa mtu.

Chama chetu ni cha kuweka na kukopa. Wanachama wake ni wakulima wa mahindi, mafundi wachache, akina mama wa sokoni, na walimu wastaafu kama mimi. Fedha zetu hupanda na kushuka kwa majira. Mvua zinapokaribia kila mtu hutaka mbegu na mbolea, na kila mtu hukopa. Mahindi yakisha kuvunwa na kuuzwa kila mtu hulipa, au huahidi kulipa. Katiba yetu ina sharti moja linalojulikana na vyama vingi vya namna hii katika Tanzania, nalo ni kwamba mkopo wa mwanachama usizidi mara tatu ya akiba yake. Sharti hili halikuwekwa kwa uchoyo. Liliwekwa ili mtu asijitwike mzigo ambao mabega yake hayauwezi, na ili fedha ya wengi isipotelee katika shida ya mmoja. Nililiandika kwa mkono wangu katika daftari la kwanza, nikiwa katibu.

Daftari lilipojaa, na macho yangu yalipoanza kuchoka, mpwa wangu, kijana aliyesoma mambo ya kompyuta, alitutengenezea hifadhidata. Alichagua mojawapo ya zile ziitwazo huria, yaani ambazo maandishi ya ndani yake yamewekwa wazi, mtu yeyote aweza kuyasoma, kuyatumia na kuyarekebisha. Kwetu haikugharimu hata shilingi. Chama maskini kingetafuta nini tena? Akaunda majedwali, na katika jedwali la mikopo akaliandika sharti letu kwa lugha ya mashine. Akabonyeza. Mashine ikajibu kuwa ni sawa. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikafurahi kuona maneno ya katiba yakipokelewa bila ubishi. Sijapata kuona mkutano wa wanachama ukikubali jambo upesi namna ile.

Ikapita miaka mitatu. Kijana akaja kututazama, akaweka toleo jipya la hifadhidata ile ile, na katika kupekuapekua akaona jambo lililomtoa jasho. Sharti letu halikuwamo. Hapana aliyelifuta, halikuwahi kuwamo. Ile siku ya kwanza mashine ilikuwa imelisoma, ikaitika, ikaliacha lianguke chini. Alipoliandika upya, toleo jipya halikuitika. Lilikataa, likasema kuwa katika jedwali imo mistari inayolivunja sharti hilo. Tukaitafuta tukaiona: ilikuwa mistari saba. Mmoja wa mistari hiyo ulikuwa na jina langu.

Ili msomaji aone kosa lilipokaa, sina budi kueleza kidogo namna mashine hizi zinavyosoma. Hifadhidata nyingi husemeshwa kwa lugha iitwayo SQL, ambayo Donald Chamberlin na Raymond Boyce waliibuni katika kampuni ya IBM nchini Marekani katika miaka ya 1970, wakifuata fikira ambazo Edgar Codd alizichapisha mwaka 1970. Amri iliyoandikwa kwa lugha hiyo haitendwi moja kwa moja. Kwanza hupita kwa kichanganuzi. Kazi ya kichanganuzi ni kukata amri katika maneno, kulitambua kila neno, na kuyapanga maneno yote kwa kanuni za sarufi, mfano wa mti wenye shina na matawi. Neno likikosa mahali pake katika mti, amri hurudishwa kwa aliyeiandika. Mti ukisimama, matawi yake hukabidhiwa sehemu nyingine za programu ili yatendwe.

Nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, na jambo hili halikuwa geni kwangu. Tuliliita kuchanganua sentensi. Basi, msomaji, fikiri mwalimu amesimama mbele ya darasa siku ya upepo, akamwambia mwanafunzi, "Funga mlango." Mwanafunzi akasimama kwa adabu, akasema, "Mwalimu, hiyo ni sentensi ya amri. 'Funga' ni kitenzi, na 'mlango' ni jina la kitu kinachotendwa." Kisha akaketi. Mlango u wazi, upepo unapeperusha madaftari. Uchanganuzi wake hauna dosari, na mimi ningalimpa alama zote. Lakini amri haikutendwa, na yeye ameketi kwa utulivu wa mtu aliyetimiza wajibu wake.

Kichanganuzi cha hifadhidata yetu kilikuwa mwanafunzi huyu. Katika kitabu chake cha sarufi kanuni ya kulitambua sharti ilikuwamo, ila mbele ya kanuni hiyo hapakuandikwa tendo lolote. Sharti lilipofika lilitambuliwa, likapewa heshima yake, likatupwa. Lau kanuni yenyewe isingalikuwamo, sharti lingalionekana kuwa neno la kigeni, amri ingalirudishwa, na kijana wetu angalijua siku ile ile kuwa hapa hapana mlinzi.

Sitaitaja hifadhidata yetu kwa jina, kwa kuwa tabia hii haikuwa ya mmoja. SQLite, aliyoianza Richard Hipp wa Marekani mwaka 2000, imo katika simu nyingi za mkononi, na yamkini imo katika mfuko wa msomaji wakati huu. Mpaka toleo la 3.3.0 la mwaka 2006, lile sharti ambalo SQL hulianzisha kwa neno CHECK, maana yake hakiki, lilichanganuliwa na SQLite lakini halikushikwa. Sharti jingine, lile la kwamba mtoto asiandikwe pasipo mzazi wake, kama vile mkopo usiandikwe kwa mwanachama asiyekuwapo, lilichanganuliwa hivyo hivyo pasipo kushikwa mpaka toleo la 3.6.19 la mwaka 2009. MySQL, iliyoanza Sweden mwaka 1995 ikaenea ulimwengu mzima, ililiitika neno CHECK na kuliacha mpaka toleo la 8.0.16 la mwaka 2019. MariaDB, iliyochipuka katika shina la MySQL mwaka 2009, ilitangulia kujirekebisha katika mfululizo wake wa 10.2, uliokamilishwa mwaka 2017. Hizi si kazi za wapumbavu. Ni kazi za watu hodari sana, walizozitoa kwa wenzao kwa ukarimu, na mambo haya wameyaeleza wao wenyewe hadharani.

Na wana utetezi. Nitautoa kwa ukamilifu, maana mshtakiwa asiyesikilizwa humwachia hakimu hatia.

Utetezi wa kwanza ni adabu. Kitabu cha maelezo cha MySQL kilisema kuwa kukubali maneno pasipo kuyatenda kulikusudiwa kuwarahisishia watu waliohama na kazi zao kutoka hifadhidata nyingine. Mgeni anakuja na mizigo yake. Amri zake zimeandikwa kwa desturi za alikotoka. Ukimkatalia kila neno usilolijua, atakaa mlangoni siku nzima akifungua na kufunga mizigo. Mpokee kwanza, yanayowezekana yatendwe, yasiyowezekana yapite. Hapana Mswahili asiyeuelewa utetezi huu. Sisi tumelelewa kuitika. Mkubwa akisema, husemi "siwezi", husema "ndiyo". Jirani akikualika harusi ya Jumamosi ambayo wajua hutakwenda, humwambii usoni kuwa hutakwenda; humwambia "Mungu akipenda". Mengi ya maisha yetu hulainishwa kwa mafuta haya, na mimi si mtu wa kuyadharau.

Lakini tazama tofauti. Jirani anayenialika anajua kipimo cha "ndiyo" yangu. Anaijua sauti yangu, na anajua namna ninavyotazama pembeni nisemapo "Mungu akipenda". Hapunguzi wala haongezi sufuria kwa ajili yangu. Desturi imetupa wote wawili kamusi moja ya adabu. Mashine haina sauti. Neno lake la "sawa" kwa amri itakayotendwa na neno lake la "sawa" kwa amri itakayotupwa ni neno moja, halina kivuli. Adabu ambayo mmoja tu wa wasemaji wawili anajua kuwa ni adabu, mimi sioni namna ya kuitenga na udanganyifu.

Utetezi wa pili ni ule wa kitabu chenyewe. Jambo liliandikwa, kila aliyetaka kujua angalijua. Utetezi huu ulinisumbua zaidi, kwa sababu ni kweli. Kitabu kilikuwapo, na kijana wetu hakukisoma, na mimi sikumwuliza kama amekisoma. Zaidi ya hayo, programu huria haifichi hata matumbo yake: ile kanuni ya sarufi isiyo na tendo ilikuwa imelala wazi mbele ya macho ya ulimwengu. Walakini, nimeona katika maisha ya vyama kuwa jambo lililo wazi kwa wote aghalabu huwa halina mwenye kulitazama. Kisima cha kijiji kizima hakina mtu wa kukifagia. Nawe usisahau, msomaji, mahali maneno mawili yaliposemwa. Neno la "sawa" lilisemwa mbele yetu, saa ile ile, kwa kujibu amri yetu. Neno la "hatulishiki" lilisemwa katika ukurasa mmoja wa kitabu kinene, kwa kila mtu na kwa hiyo si kwa mtu yeyote. Mfanyabiashara aliyebandika onyo nyuma ya mlango, kisha akakuambia kwa kinywa chake kuwa bidhaa ni nzima, atajitetea kwa onyo lile mbele ya hakimu, wala sitashangaa akishinda; lakini wewe hutarudi dukani kwake.

Utetezi wa tatu watu huuchukua kwa Jon Postel, mmoja wa waliounda kanuni za kupelekeana habari kati ya kompyuta. Mwaka 1980 aliandika shauri ambalo mafundi hulishika kama mithali, kwamba mtu awe mwangalifu katika anayoyatoa na mkarimu katika anayoyapokea. Je, kichanganuzi kilichopokea sharti letu hakikuwa kikarimu tu? Nadhani hapa shauri jema linavikwa nguo isiyo yake. Ukarimu wa kupokea ni kumwelewa msemaji hata akikosea kidogo katika usemi wake, madhali maana yake ingali wazi, kisha kuitenda maana hiyo. Mtoto akisema "nataka maji" kwa matamshi mabaya, mkarimu humpa maji. Kumwambia "vema, mwanangu" na kuondoka si ukarimu. Na hata ukarimu wa kweli una gharama yake. Mwaka 2023 mafundi wa intaneti wenyewe walitoa waraka wa kuonya kuwa upokeaji wa kila kosa hulea makosa yakawa desturi.

Sisi watu wa nchi hii tuna kisa tulichofundishwa shuleni kuhusu kuitika maneno. Katika Novemba 1884 Karl Peters alifika Usagara akiwa na karatasi, na Mangungo wa Msovero akatia alama yake. Wanafunzi wangu walipenda kumcheka Mangungo, nami kila mwaka niliwakataza, kwa sababu mtu aliyetia alama chini ya maneno ya lugha asiyoijua ana haki ya kuhurumiwa kabla ya kuchekwa. Sasa naona kisa chetu kuwa kinyume cha kile. Mangungo aliitika asichokielewa, na aliyekuwa na karatasi akamshika kwa neno lake. Mashine ilielewa kila neno, ikaitika, na hapana aliyeweza kuishika kwa lolote.

Basi je, ilisema uongo? Mwanafalsafa mmoja wa Oxford, J. L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955 na iliyochapishwa mwaka 1962 baada ya kufa kwake, alifundisha kuwa yako maneno ambayo kuyasema ni kutenda. Mtu asemaye "naahidi" haelezi habari za ahadi iliyoko mahali fulani. Anaifanya ahadi kwa kusema kwake. Akaongeza jambo zito, kwamba aliyesema "naahidi" hali hakusudii kutimiza ameahidi vile vile. Ahadi yake ina ila, lakini si batili. Nia mbaya iliyofichwa ndani ya kifua haimfungulii mtu kamba aliyojifunga kwa mdomo.

Nilipotafakari fundisho hili nilifurahi kwanza, kwa kuwa lilinipa mahali pa kuweka lawama. Mashine haina kifua. Kwa hiyo hatuhitaji kutafuta nia yake. Iliitika, basi ilifungwa. Walioandika sarufi pasipo tendo walifunga kamba kwa mdomo wake. Kijana aliyepokea "sawa" na asijaribu hata mkopo mmoja wa uongo ili kuona kama utakataliwa, naye ana sehemu yake. Fundi wa mlango hufunga mlango na kuusukuma kabla ya kupokea ujira. Nikazihesabu lawama hizi moja moja kwa mpangilio mzuri, na nilikuwa nimekaribia kulala usingizi, ndipo nilipokumbuka mstari wa jina langu.

Akiba yangu ilikuwa shilingi 500,000. Mkopo wangu ulikuwa shilingi 1,600,000. Mara tatu ya laki tano ni milioni moja na nusu. Mtoto wa darasa la tatu anaijua hesabu hiyo, na mimi nimewafundisha watoto wa darasa la tatu. Siku nilipojaza fomu nilikuwa na haja ya mabati. Nilihisi ninakaribia mpaka. Sikupiga hesabu, si kwa kusahau, ila kwa kuwa nilijiambia moyoni, "Kama haifai, mashine itakataa." Haikukataa, nikauchukua ukimya wake kuwa haki yangu. Mimi ndiye niliyeliandika sharti lile katika daftari la kwanza! Niliiachia mashine dhamiri yangu inichungie, na laiti ingalikuwa mchungaji mwaminifu kuliko wote duniani, bado ningalikuwa nimefanya jambo la aibu. Basi niliitika pasipo kutenda kabla ya mashine kufanya hivyo, nami sina kitabu cha maelezo ambamo niliwaonya wanachama.

Naacha habari zangu kidogo nirudi kwa mafundi, maana wao wana shida ambayo sikuijua mpaka kijana wetu aliponieleza. Kulirekebisha kosa la namna hii si jambo la kuongeza tendo mbele ya kanuni na kwenda kunywa chai. Kwa miaka mingi watu wameandika masharti ambayo hayakushikwa, na baadhi yao waliyaandika vibaya, au waliacha data zao zikue kinyume chake. Siku kichanganuzi kinapoanza kutimiza neno lake, amri za zamani ambazo zilikuwa zikipita zitakataliwa, na kazi za watu wasio na hatia zitasimama. Waliozoea uongo watauita ukweli kuwa ni kuvunja amani. Katika SQLite liko kosa la zamani lililoruhusu nafasi tupu mahali ambapo kwa sheria ya SQL hapawezi kuwa patupu, katika ufunguo mkuu wa jedwali. Wenyewe wamekiri kuwa ni kosa, na wameliacha makusudi, kwa kuwa watu wengi mno wamejenga juu yake. Hata lile sharti la mtoto na mzazi, lililopata kushikwa mwaka 2009, huwa limezimwa katika SQLite mpaka mtumiaji aliwashe kila afunguapo mlango, isipokuwa aliyeitengeneza programu yake ameamua vingine.

Je, hawa ni waoga? Mimi siwahukumu hivyo. Aliyesema, "Kosa hili nalijua, nimeliacha, na sababu zangu ni hizi," amekwisha kutoka katika aina ya kosa tunalolijadili. Ni mwanafunzi aliyemwambia mwalimu, "Sifungi mlango." MySQL nayo ilipoanza kulishika neno CHECK mwaka 2019 iliweka pamoja nalo maneno ya kusema kuwa sharti fulani lisitekelezwe, kwa yule anayetaka hivyo. Nilipoonyeshwa maneno hayo nilitaka kucheka: sharti lisilotekelezwa ni sharti gani? Kisha nikaona hekima yake. Sharti hilo limeandikwa, linaonekana, na pembeni yake pameandikwa kuwa halina nguvu. Kila apitaye aliona. Tofauti baina ya hilo na letu ilikuwa maneno mawili tu.

Lakini marekebisho yote ya mafundi yanaanzia pale yanapoanzia. Toleo jipya halikuweza kulikumbuka sharti ambalo toleo la zamani lilikuwa limelitupa. Tulilazimika kuliandika tena, kama mtu anayekula kiapo upya mbele ya mashahidi. Na lilipoandikwa, lilidai kutazama nyuma. Mashine, ambayo kwa miaka mitatu iliitika kila kitu, sasa ilisema kuwa haitaitika mpaka ile mistari saba iondolewe au inyooshwe.

Hapo ndipo kijana aliponiambia, kwa sauti ndogo, kwa kuwa mlango ulikuwa wazi, "Mjomba, ni tarakimu saba tu. Nikizipunguza kidogo kila moja, sharti litaingia. Mikopo sita imekwisha kulipwa, hakuna atakayeumia." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaona aibu, na alitaka kunisitiri mimi zaidi ya kujisitiri yeye. Wala fikira yake haikuwa ya kijinga: njia nyepesi kuliko zote ya kuifanya mashine ianze kusema kweli ilikuwa kuandika uongo juu ya yaliyopita. Nakiri kuwa nilinyamaza kwa kitambo. Bakio la mkopo wangu ndilo pekee lililokuwa halijalipwa.

Lililonirudisha ni mstari wa nne. Ulikuwa wa mama mmoja anayeuza mboga, ambaye nilimfundisha mtoto wake. Akiba yake ilikuwa shilingi 220,000, na tulimkopesha shilingi 900,000. Kwa sharti letu asingalipata zaidi ya 660,000. Mwaka ule bei ya mahindi ilishuka, na ili alipe aliuza mbuzi wote wanne aliokuwa nao, na cherehani. Sisi wa kamati tulimsifu mkutanoni kwa uaminifu wake. Ningezipunguza tarakimu zake zikawa 660,000, je, mbuzi wangerudi zizini? Jedwali lingesema kuwa hakukopeshwa fedha ile, na yeye angekuwa mtu aliyeuza mbuzi kwa sababu isiyoandikwa popote.

Tuliitisha mkutano. Nilisoma majina saba, nikaanza na langu. Mabishano yalikuwa marefu. Mzee mmoja alisema kuwa waliopewa zaidi ya haki yao walifaidika, wala chama hakiwadai radhi. Wao ndio wanadaiwa. Fundi mmoja akasema kuwa kosa ni la kompyuta, na kompyuta haitozwi faini, basi tufunge mjadala. Maneno ya wote wawili yalikuwa na mantiki, na nusu ya mkutano iliwaunga mkono. Ndipo yule mama aliponyanyuka. Alisema, "Mwalimu, mimi sikusoma katiba. Nilijua kuwa mkinipa, basi naweza; na kama siwezi, mtaninyima. Nilikuja kwenu ninyimwe kama nastahili kunyimwa." Akaketi. Sijasikia katika vitabu vyangu vyote hoja bora kuliko hiyo kuhusu kazi ya sharti.

Uamuzi haukumpendeza kila mtu. Mistari saba ilitolewa katika jedwali la mikopo, ikawekwa katika jedwali lake peke yake, pamoja na tarakimu zake kama zilivyokuwa na tarehe zake, na jedwali likapewa jina la Mikopo Iliyopitishwa Kinyume cha Sharti. Riba iliyotozwa juu ya sehemu iliyozidi ilirudishwa; kwa mama yule ilikuwa shilingi 24,000, ambazo hazinunui hata mbuzi mmoja. Mimi nilipewa mwezi mmoja kulipa kilichozidi, nikauza mabati ambayo sikuwa nimeyaezeka bado, na nikaacha ukatibu. Wengine walisema naondoka kwa hasira. Hawakukosea sana.

Jioni ya siku ile ya kuhamisha mistari kijana aliliandika sharti mara ya tatu. Mashine ikajibu kwa lile neno lake la "sawa", herufi zile zile ilizotupa siku ya kwanza. Tukatazamana. Akaandika mkopo wa uongo, mwanachama asiye na jina, akiba shilingi 100,000, mkopo shilingi 300,001. Mashine ikakataa. Katibu mpya, aliyekuwa amesimama mahali nilipokuwa nikisimama mimi, akamwambia aandike tena, safari hii 300,000 kamili, aone kama utapita. Ukapita. Akamwambia aufute, kisha ajaribu na tarakimu nyingine.